Aliyejitoa na mantra yake: mwizi au mrithi?

Swali la msomaji, kwa ufupi: "Mwalimu, kwa miaka tisa nimo katika jumuiya moja inayofundisha kutafakari kwa mantra, yaani neno au sauti ya kurudiarudia kimoyomoyo. Mwaka jana mwalimu aliyenipa mantra yangu alijitoa, akaanza kufundisha kivyake kwa jina jingine. Uongozi unatuambia kwamba ameiba: njia hii ina maelfu ya miaka, wanaoihifadhi ni sisi peke yetu, na ikitoka mikononi mwetu haina nguvu. Yeye anasema njia ni ya kale, haina mwenyewe, na tena hii anayoifundisha sasa ameivumbua kwa uzoefu wake. Sasa tumeletewa karatasi ya kutia saini kwamba hatutasoma kwa mtu wa nje. Nani mkweli? Na mantra yangu, nikimfuata yeye, bado ni halali?"

Dada yangu, kwanza pole. Miaka tisa ya kuketi kila asubuhi na jioni si kitu kidogo, na mtu aliyekufundisha kufumba macho hadi ukatulia si mwalimu wa kawaida. Anapogombana na nyumba iliyowalea nyote wawili, anayeumia ni wewe uliye katikati. Nitakujibu kwa urefu, tena kwa historia, maana ugomvi huu si mgeni. Sijui jumuiya kubwa ya kutafakari ambayo haikuupitia.

Sikiliza kwanza maneno ya pande zote mbili. Uongozi unadai kwamba njia ni ya kale mno, na wakati huohuo kwamba ni mali yao peke yao. Mwalimu wako anadai kwamba njia ni ya kale na haina mwenyewe, na wakati huohuo kwamba ameivumbua. Kila upande umefungia mafahali wawili katika zizi moja. Kitu cha kale kweli kimepita mikononi mwa wengi, hakiwezi kuwa cha mmoja. Kitu alichokivumbua mtu kina siku kilipozaliwa, hakiwezi kuwa cha maelfu ya miaka. Ukiona mtu anang'ang'ania yote mawili, ujue hazungumzii historia tena, anazungumzia mamlaka. Swali lililojificha chini ya maneno ni hili: nani ana idhini ya kukupa, na nani ana idhini ya kukukataza.

Mfano unaolionyesha hili waziwazi kuliko yote ninayoijua uko Agra, kaskazini mwa India. Hapo aliishi Shiv Dayal Singh, aliyezaliwa mwaka 1818, ambaye wafuasi wake humwita Soamiji Maharaj. Alifundisha watu kuketi, kukusanya mawazo kati ya macho, kurudia jina takatifu kimoyomoyo na kusikiliza sauti ya ndani wanayoiita shabd. Alifariki mwaka 1878. Tangu hapo wafuasi wake hawajakubaliana juu ya jambo dogo kwa sura: je, yeye mwenyewe alifundishwa na nani?

Wafuasi wa Agra wanasema hakufundishwa na mtu. Alizaliwa akiwa amekamilika, na alichokileta hakikuwahi kuletwa kabla yake. Lakini mmoja wa wanafunzi wake, askari aliyeitwa Jaimal Singh, alikwenda Punjab akaweka makao kando ya mto Beas mwaka 1891, na tawi lililokua hapo linasimulia vingine. Wao wanasema Soamiji alikuwa mrithi wa Tulsi Sahib, mtakatifu wa mji wa Hathras, na kupitia kwake silsila inarudi nyuma hadi kwa watakatifu wa zamani, akina Nanak na Kabir. (Nalitumia neno silsila kwa maana yake ileile tunayoijua, mnyororo wa walimu ambao kila mmoja amepokea kwa aliyemtangulia. Sijapata jingine linalolingana nalo.) Kwamba familia ya Soamiji ilikuwa karibu na Tulsi Sahib, hilo halina ubishi mkubwa. Ubishi ni kama kijana yule alipokea kitu kwake au hakupokea.

Sasa tazama kila upande unapata nini kutokana na simulizi yake. Ikiwa mwanzilishi hakuwa na mwalimu, basi Agra ndiko chemchemi, na asiyetambuliwa na Agra hana maji. Ikiwa mwanzilishi alikuwa pete moja tu katika mnyororo mrefu, basi mnyororo unapita kwa watu, hauna haja ya mahali, na unaweza kuendelea hadi ukingoni mwa mto Beas bila kuomba ruhusa ya mtu. Simulizi ya mwanzo ilikuwa imebeba tayari hoja ya urithi. Nilipolielewa jambo hili, miaka mingi iliyopita, niliacha kusoma historia za walimu kama wasifu mtupu. Nikawa najiuliza kila mara: simulizi hii inampa nani ufunguo?

Kuna jambo dogo zaidi, nalo linagusa. Siku ya kufa kwake, Soamiji aliacha maneno yaliyoandikwa na waliokuwa naye. Katika maneno hayo anasema kwamba njia yake yeye ilikuwa ya Sat Naam (Jina la Kweli) na Anaami (Asiye na Jina), kwamba njia ya jina la Radhasoami, jina la Mungu ambalo watu wa Agra hulirudia, imeanzishwa na Salig Ram, na kwamba nayo iachwe iendelee. Salig Ram alikuwa mwanafunzi wake mkubwa, afisa wa ngazi ya juu katika idara ya posta. Watu wa Beas wanayasoma maneno hayo na kusema: mnaona, jina Radhasoami si la asili, asili ni majina matano tunayoyatumia sisi katika kurudia. Watu wa Agra wanasoma maneno yaleyale na kusema: mnaona, bwana alimbariki Salig Ram aliyelifunua jina. Maneno ni ya mtu anayekata roho, anayejaribu, kwa ninavyoyasikia mimi, kuwapatanisha wanafunzi wake kabla hajaondoka. Yamekuwa kisu chenye makali pande zote mbili.

Agra penyewe hapakutulia. Soami Bagh na Dayalbagh, makao mawili ya wafuasi wa mtu mmoja, yanatazamana ng'ambo na ng'ambo ya barabara, na mashauri yao juu ya mali na mahali patakatifu yalifika hadi London, mbele ya baraza la rufaa la Mfalme wa Uingereza, mwaka 1935. Na huko Beas, alipofariki Sawan Singh, mrithi wa Jaimal Singh, mwaka 1948, wosia ulimtaja Jagat Singh kuwa mrithi, lakini mwanafunzi mwingine, Kirpal Singh, akaondoka akaanzisha Ruhani Satsang mjini Delhi. Wafuasi wa Kirpal wanashikilia kwamba urithi wa roho alipewa kwa jicho la mwalimu wake, na jicho halihitaji hati. Upande mmoja una karatasi, upande wa pili una mtazamo wa mwisho wa mwalimu, na hakuna mahakama inayoweza kupima mtazamo.

Nakusimulia haya ili usidhani ofisi ya jumuiya yako imebuni uovu mpya. Imerithi shida ya zamani.

Tukifika hapo, kuna kisa kimoja ambacho ndicho kilichonifanya niwe na msimamo nilio nao leo. Kirpal Singh alizuru Marekani mwaka 1955, na miongoni mwa waliopokea mafundisho kwake alikuwa mwandishi aitwaye Paul Twitchell. Miaka kumi baadaye, mwaka 1965, Twitchell alitangaza njia aliyoiita Eckankar. Alisema ndiyo njia ya kale kuliko zote, shina ambalo dini nyingine ni matawi yake, na kwamba yeye ni bwana wa 971 katika silsila yake. Katika maandishi yake ya mwanzo Kirpal Singh alitajwa. Baadaye jina hilo likapotea, mahali pake pakaja majina mengine, hasa la mtawa wa Tibet aitwaye Rebazar Tarzs, anayesemekana kuishi kwa mamia ya miaka.

Aliyeyafichua haya alikuwa mtafiti kijana wa California, David Christopher Lane, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1983. Alionyesha kwamba sehemu za kitabu cha Twitchell kiitwacho The Far Country zinafanana karibu neno kwa neno na kitabu cha mwaka 1939 cha Julian Johnson, daktari Mmarekani aliyeishi Beas na kuandika juu ya mafundisho ya huko. Sikutaka kuamini kwa kusikia. Niliviweka vitabu viwili mezani, kimoja kushoto kimoja kulia, penseli mkononi, nikawa napigia mstari kila sentensi niliyoikuta pande zote mbili. Katika kurasa zile alizozitaja Lane, baada ya muda niliacha kupiga mstari, ikawa rahisi zaidi kuweka alama kwenye maneno machache yaliyotofautiana. Kilichonifanya niweke penseli chini kilikuwa kingine. Kushoto, Johnson anasema kwa kinywa chake mwenyewe, kama daktari anayeeleza alichojifunza kwa mwalimu anayemtaja. Kulia, maneno hayohayo yanatoka kinywani mwa Rebazar Tarzs. Sentensi ilikuwa imenyang'anywa mwenyewe na kupewa mtu mwingine wa kuisema.

Wafuasi wa Eckankar wana majibu yao, na haki inanitaka niyataje. Wanasema ukweli hauna hakimiliki, na kwamba Twitchell alikuwa mkusanyaji wa lulu zilizotawanyika. Harold Klemp, anayeiongoza jumuiya hiyo tangu 1981, amemweleza hivyo. Wapo maelfu ya watu waliopata faraja katika njia hiyo, na faraja yao siidharau.

Lakini msimamo wangu ni huu. Kukopa si kosa. Kirpal Singh alikopa kila kitu kwa Sawan Singh, na akasema hivyo kila siku ya maisha yake. Kosa ni kulifuta jina la uliyemkopa, na si adabu tu inayovunjwa hapo. Mwanafunzi anayejua chemchemi iko wapi anaweza kwenda kuitazama. Anaweza kulinganisha, kuuliza wengine waliokunywa hapohapo, kugundua kwamba mwalimu wake ameongeza hiki na kuacha kile. Mwanafunzi aliyefutiwa jina la chemchemi amebaki na mtu mmoja tu wa kumtegemea, naye mtu huyo ndiye aliyefuta. Kwa mtu anayefumba macho na kumwachia mwingine aongoze akili yake, hilo si jambo dogo.

Ukitaka kuona namna nyingine ya kuondoka, tazama Norway. Mwaka 1966 mwanafunzi aitwaye Are Holen alianzisha mjini Oslo chama cha wanafunzi wanaotafakari, ambacho leo kinaitwa Acem. Mwanzoni walikuwa pamoja na Maharishi Mahesh Yogi, mwalimu kutoka India, na tafakuri yake ipitayo fikra (Transcendental Meditation), ile inayojulikana kwa herufi TM. Mwaka 1972 wakaachana. Ili uelewe waliacha nini, nikuoneshe jinsi mtu anavyopewa mantra katika TM. Mwanafunzi anakuja na matunda, maua na kitambaa kipya cheupe. Mwalimu anasimama mbele ya picha ya Swami Brahmananda Saraswati, aliyekuwa mwalimu wa Maharishi na Shankaracharya, yaani mkuu wa kidini, wa Jyotir Math, nyumba ya watawa wa Kihindu, tangu 1941 hadi alipofariki 1953. Anaimba kwa Kisanskriti, na ndani ya wimbo huo majina ya walimu yanatajwa moja baada ya jingine, silsila nzima ikisomwa kwa sauti. Wimbo ukiisha, mantra inatolewa, na mwanafunzi anaombwa asimwambie mtu. Labda nawe ulipokea kwa namna inayofanana.

Acem waliacha sherehe hiyo na mafundisho ya kidini yanayoizunguka. Walibaki na kurudia sauti bila kujikaza, wakaieleza upya kwa lugha ya saikolojia, wakafundisha wakufunzi wao wenyewe. Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane. Wapo watakaosema walichobaki nacho ni ganda bila kokwa. Lakini ukiuliza walikotoka utaambiwa, na ukiuliza walibadilisha nini utaonyeshwa. Huo ndio uhuru ninaoweza kuuheshimu, hata pale nisipoufuata.

Sherehe hiyohiyo, kwa njia, ilifika mahakamani. TM ilikuwa ikifundishwa katika shule za umma huko New Jersey, wenyewe wakisema ni mbinu tu, haina dini. Mwaka 1977 mahakama ya shirikisho ililitazama jambo hilo, pamoja na tafsiri ya wimbo ule, ikaamua kwamba kwa mizani ya Katiba ya Marekani lile lilikuwa somo la dini. Mahakama ya rufaa, mwaka 1979, ikauunga mkono uamuzi huo. Nalitaja kwa sababu ni zizi lilelile lenye mafahali wawili: darasani unasema hatuna uhusiano na dini, chumbani unaimba majina ya watakatifu ili mantra iwe na uzito.

Sasa nije kwenye neno zito ulilolisikia: wizi. Mahakama za Marekani zimelijadili kwa miaka mingi, na ingawa sheria za nchi nyingine zina tofauti zake, hoja zao zinasaidia kufikiri. Paramahansa Yogananda, mwalimu wa yoga kutoka India, alianzisha Self-Realization Fellowship mwaka 1920, akafariki 1952. Mwanafunzi wake Kriyananda, Mmarekani aliyezaliwa kwa jina la James Donald Walters, alifika kuwa makamu wa rais wa jumuiya hiyo, akafukuzwa mwaka 1962, kisha akaanzisha jumuiya ya Ananda huko California. Mwaka 1990 Ananda ilichukua jina lenye maneno "Self-Realization", nayo jumuiya mama ikashtaki. Kesi iliendelea kwa takriban miaka kumi na miwili. Mwaka 1995 mahakama ya rufaa ilisema kwamba maneno hayo, yenye maana ya kujitambua nafsi, ni jina la kawaida la lengo la yoga, na huwezi kumkataza mwenzako kulitaja lengo mnalolifuata nyote. Upande wa maandishi na kanda za sauti za mwalimu ulikuwa na mabishano yake, na hapo Ananda hawakutoka bila jeraha. Kisha mwaka 2015 mahakama hiyohiyo, katika kesi juu ya mfuatano wa mikao 26 ya yoga na mazoezi mawili ya kupumua wa Bikram Choudhury, ikasema kwamba kitabu kinachoeleza mazoezi kina hakimiliki, lakini mazoezi yenyewe ni utaratibu, na utaratibu haufungiwi kwa hakimiliki.

Kwa hiyo ikiwa mwalimu wako anatumia jina jingine, na hanakili vijitabu wala kanda za jumuiya, neno "mwizi" halimkai. Akinakili, linamkaa, hata kama mantra ni ya kale kuliko milima.

Na hayo maelfu ya miaka? Hapo nakuomba uwe mpole kwa kila mtu, maana hata jumuiya zenye uaminifu mkubwa zinayumba. Chukua vipassana, kutafakari kwa Kibuddha kwa kuuangalia mwili na akili, inayofundishwa katika mafunzo ya siku kumi ya S. N. Goenka. Yeye alijifunza kwa U Ba Khin, mhasibu mkuu wa serikali ya Burma (leo Myanmar) iliyopata uhuru, na jamaa hii inasema njia yao ilihifadhiwa Burma bila kuguswa tangu enzi za Buddha. Ukirudi nyuma kwa majina unayoweza kuyashika, unampata Saya Thetgyi, kisha mtawa Ledi Sayadaw, aliyezaliwa 1846. Nyuma ya Ledi, majina yanakoma na imani inaanza. Tunachokijua kwa yakini ni kwamba Ledi aliishi wakati Waingereza wanaiteka Mandalay mwaka 1885 na kumwondoa mfalme aliyekuwa mlinzi wa dini, na kwamba katika miaka hiyo yeye na wenzake walianza kuwafundisha watu wa kawaida, wakulima na wafanyabiashara, mambo ambayo zamani yalikuwa zaidi ya watawa. Kwa macho yangu, hicho ndicho kitu kipya na kikubwa walichokifanya, tena cha ujasiri. Hakihitaji kuvikwa joho la miaka elfu mbili na mia tano ili kiheshimiwe. U Ba Khin alipofariki mwaka 1971, wanafunzi wake walitawanyika, kila mmoja na mkazo wake, na dunia haikuanguka.

Burma hiyohiyo imetupa pia mabishano ninayoyapenda. Mtawa Mahasi Sayadaw alifundisha mtu aangalie tumbo likipanda na kushuka kwa pumzi, na kulitaja tendo hilo akilini: linapanda, linashuka. Njia yake ilipofika Sri Lanka katika miaka ya 1950, watawa kadhaa wasomi wa huko waliipinga kwa maandishi. Walisema maandiko yanataja pumzi puani, tumbo limetoka wapi? Watetezi wake wakajibu kwamba mwili mzima ni uwanja wa kuangaliwa, na mwendo wa tumbo ni mwendo wa mwili kama mwingine. Walikuwa wakali, lakini soma mabishano yao: maandiko yako wazi mezani, kila mmoja anamtaja mwenzake kwa jina na hoja yake, na aliyebadilisha anakubali kwamba huu ndio utaratibu anaoufundisha na hii ndiyo sababu. Natamani uongozi wako na mwalimu wako wangegombana hivyo.

Umeuliza kama mantra yako bado ni halali. Swali hilo lina sehemu mbili, na ni lazima uzitenge mwenyewe kwa kuwa mimi siwezi kukutengea. Herbert Benson, daktari wa moyo wa Harvard, alishirikiana na Robert Keith Wallace kuwapima watu wa TM kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960: matumizi ya oksijeni yalishuka, kupumua kukapungua, mwili ukatulia. Mwaka 1975 Benson akachapisha kitabu akidai kwamba mtu akiketi kimya na kurudia neno lolote, hata neno "moja", bila kujilazimisha, mwili hufuata njia hiyohiyo ya utulivu. Jumuiya ya TM haikukubali kwamba ni kitu kimoja, na mjadala huo unaendelea. Lakini jambo moja liko wazi: utulivu wa mwili unaoupata asubuhi hautasubiri barua ya uongozi. Mantra si kadi ya benki ambayo ofisi ikiifunga inakataa kufanya kazi.

Sehemu ya pili ni ile isiyopimwa. Ikiwa uliingia kwa sababu unaamini kwamba pamoja na neno ulipokea baraka iliyopita kwa walimu, basi hilo ni jambo la imani yako, na sitalidharau hata kidogo. Ila kumbuka aliyesimama mbele yako siku ile. Ni mwalimu huyuhuyu aliyejitoa. Ikiwa baraka ilipita, ilipita kupitia kwake, akiwa na idhini ya jumuiya wakati huo. Uongozi hauwezi leo kusema kwamba ulichopokea siku ile ni batili bila kuvibatilisha na vyeti vyake wenyewe. Na yeye hawezi kusema kwamba alichokupa siku ile kilikuwa uvumbuzi wake. Endelea na mantra yako.

Kuhusu kumfuata, nenda kamwone ana kwa ana, wala usiende kwa hasira. Mwulize: ulijifunza kwa nani? Kisha mwulize umebadilisha nini, na tangu lini, na kwa nini. Mtu aliyevumbua kweli huona raha kujibu maswali haya. Atakuambia mwaka fulani niliona wanafunzi wanaumwa kichwa nikabadilisha muda, nikaacha hiki, nikaongeza kile. Ikiwa atakuambia kwa heshima jina la aliyemfundisha, hata kama hawasemezani tena, huyo ana mahali pa kusimama. Ikiwa hana alichobadilisha, ila sasa kila kitu ni chake na jina la mwalimu wake halitajwi, mwachie kikombe chake mezani urudi nyumbani. Nakusihi usilipuuze hili kwa sababu unampenda.

Imebaki karatasi. Iombe nakala, uende nayo nyumbani, usiitie saini siku hiyohiyo hata wakikuambia wengine wote wameshatia. Uisome kipengele kwa kipengele, maana karatasi za namna hii huchanganya mambo ya aina tofauti. Ikiwa kuna kipengele kinachosema usitangaze mantra yako hadharani, hiyo ni adabu ya zamani na uliikubali tangu mwanzo. Ikiwa kuna kinachosema usifundishe wengine kwa jina la jumuiya bila kuidhinishwa, nacho ni haki yao. Jina ni lao, na wewe hujasomea kufundisha. Lakini kipengele kinachosema usikae na mtu fulani, usimsikilize, usijifunze popote pengine maisha yako yote, hicho hakilindi njia wala hakimlindi mwanafunzi. Kikiwa kimeambatana na faini au tishio lolote la fedha, mpelekee wakili kabla ya kujibu neno. Kisipokuwa nalo, kipige mstari kwa kalamu, andika kando kwamba hukikubali, tia saini kwenye hivyo viwili vya kwanza, na uwarudishie.